Mwenye Mzigo Alitangulia

Mdogo wangu hakufa kwa maji. Naanza hapo kwa sababu ukiuliza pale sokoni Mchikichini wengi watakuambia maji yalimchukua, na baadhi yao wanasema hivyo kwa kunionea huruma tu. Ni kweli alikufa siku ya mafuriko. Ni kweli nguo zake zilikuwa zimelowa na tope lilikuwa limejaa masikioni. Lakini waliomuua walikuwa na mikono.

Mimi ni fundi cherehani. Nilisoma mpaka darasa la saba, shangazi akanifundisha kushona, na tangu hapo kazi yangu ni kupunguza suruali za mitumba. Mtu ananunua sokoni suruali iliyovaliwa na Mzungu mrefu, anavuka njia, anakuja kwenye kibaraza changu, nakata, nakunja, napiga mshono, anaondoka nayo. Mdogo wangu alikuwa mbeba mizigo. Alibeba mabelo ya mitumba kutoka stoo za Kariakoo kuja Mchikichini, na mengine kuyapeleka kwenye malori ya mikoani. Belo ni nguo zilizokandamizwa na kufungwa kwa mikanda, na kwa uzito linamshinda mtu mzima. Tuliishi chumba kimoja, pazia katikati, tangu mama alipofariki.

Yeye alikuwa na maneno mengi, mimi nina machache. Tangu utotoni nimeshindwa kusema jambo tofauti na nilivyoliona, na hilo lilimchekesha. Siku moja nilimwambia mteja kwamba suruali aliyoipenda ina kutu kwenye paja na haitoki. Mteja akaondoka. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale anakunywa maji.

"Dada, wewe wakikuajiri mochwari utawasahihisha mpaka maiti," aliniambia. "Haya, leo tule ukweli wako na chumvi."

Kazi ya kubeba ina utaratibu wake ambao hakuna aliyeuandika. Mwenye mzigo hutembea nyuma. Mbebaji anatangulia, shingo imekaza, haoni pembeni. Mwenye mali anamfuata, macho yako kwenye mali yake. Hivyo ndivyo Kariakoo nzima inavyojua kwamba mzigo una mwenyewe. Mbebaji akipita peke yake, na nyuma yake hakuna mtu anayehema akijitahidi kwenda na mwendo wake, wenye maduka wanainua macho. Hawasemi kitu, wanainua macho tu. Mdogo wangu alikuwa akisema anajua mwenye mzigo amekata kona kununua vocha kwa jinsi watu wanavyomtazama yeye.

Mvua ilianza jioni, na asubuhi bonde la Msimbazi likawa limejaa. Sisi tunaokaa upande wa Jangwani tunayajua maji hayo. Hayaji matupu. Yanakuja na milango yenye misumari, mitungi ya gesi, magogo, mbuzi waliovimba. Asubuhi ile lilikuja friji likigonga ukuta wa nyumba moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta kwa mwenyeji wake, na lilipofika kwa jirani yetu ukuta haukuhimili. Nyumba ilikaa chini yote, na aliyekuwa ndani hakutoka. Niliona mwanamke ameshika nondo za dirisha, maji kifuani. Ubao ulimpiga mgongoni, akaendelea kushika. Ubao mwingine ukampiga shingoni, akaachia, na sikumwona tena. Tulikuwa tunamwita. Hatukuwa na kamba wala boti, tulikuwa na sauti tu.

Nilitoka na cherehani yangu kichwani nikapanda kwenye kibaraza cha ghorofa lililo juu kidogo ya barabara, tukabanana hapo watu wengi. Kutoka pale niliona yote, kwa hiyo ninachoandika sikusimuliwa.

Wizi ulikuwa umeshaanza. Sitasema haukuwepo. Vijana waliingia kwenye stoo kwa kuogelea, wakatoka na maboksi ya viatu, feni, magunia. Wenye mali walikuwa wamesimama upande wa pili wa maji wanaona vitu vyao vinaondoka. Watu walipiga simu zote walizojua: polisi, zimamoto, mwenyekiti wa mtaa, ndugu anayefanya kazi ofisi fulani. Wengine waliambiwa msaada uko njiani. Wengine simu ziliita mpaka zikakatika. Ndipo watu wakaanza kuokota vitu, mabomba, mawe, miguu ya meza. Mwizi wa kwanza alipokamatwa alipigwa mpaka akatapika, wakamwacha akatambaa. Aliyefuata alivunjwa mkono, na mlio wa mfupa tuliusikia kibarazani. Baadhi yetu walishangilia.

Mdogo wangu alikuwa ameitwa na mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Kilimanjaro, mwenye stoo ya mabelo upande wa chini. Alikuwa amembebea miaka mingi na yule mama alimwita mwanangu. Walitaka kuokoa mabelo ambayo maji yalikuwa hayajayafikia. Sasa, kati ya stoo na barabara kulikuwa na mtaro usio na mfuniko, na maji yalikuwa yameufunika. Mtu mwenye belo kichwani haoni miguu yake. Kwa hiyo yule mama alichukua ufito, akatangulia, akawa anachoma chini ya maji kumtafutia pa kukanyaga, naye mdogo wangu akamfuata. Walipouvuka mtaro na maji yakashuka magotini, mama akaona hatari imepita. Akapanda barabarani haraka kutafuta mkokoteni. Hayo ya upande wa stoo tu ndiyo niliyosimuliwa, na yule mama mwenyewe.

Mdogo wangu akatokea kwenye kona peke yake, belo kichwani, amelowa, anahema, na nyuma yake kulikuwa na maji tu.

Nilimwona kabla wale wenye mabomba hawajamwona. Nilifurahi kwamba yuko hai. Kisha nikaona macho yanainuka.

Kwenye lile kundi alikuwemo muuza viatu mmoja ambaye soko zima linamjua kwa sauti yake. Anaita wateja mpaka ng'ambo ya barabara bila spika. Asubuhi ile na yeye alikuwa ameibiwa. Alitazama nyuma ya mdogo wangu, akatazama tena, akasema, "Huyu hana mwenyewe. Mwizi huyu." Hakupaza sana. Sauti yake haihitaji.

Mtu alimpiga na bomba magotini. Akaanguka, na belo likamwangukia kifuani, akawa chini yake kichwa kiko nje. Hapo asingeweza kukimbia, na kifua kilivyobanwa asingeweza kusema. Nilimwona anafumbua mdomo na kuufumba. Walimpiga kichwani, wengi kwa pamoja, wakizuiana kwa kugombea nafasi. Mmoja alinyanyua tofali kwa mikono miwili akaliachia. Niliruka kutoka kibarazani, cherehani ikaanguka majini. Niliwaambia ni mdogo wangu, ni kuli, mzigo una mwenyewe. Mwanamke mmoja alinikamata nywele akasema na mimi ni wa genge lao. Nikapigwa mdomoni, jino la mbele la juu halipo mpaka leo.

Mama wa Kilimanjaro alirudi anakimbia. "Kuli wangu huyo. Mzigo wangu huo," alikuwa anasema, na ufito bado ameushika.

Walimsikia, wakaacha mara moja. Nitawapa haki hiyo. Waliacha, wakatazama mikono yao, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Muuza viatu alisaidia kulinyanyua belo. Mdogo wangu alinitazama kwa jicho moja. Alikata roho tukiwa tumembeba juu ya mlango uliong'oka, tunatafuta njia ya kufika hospitali, na kila barabara ina maji.

Gari la kwanza la serikali lilifika baada ya adhuhuri, limebeba boti.

Mjomba ndiye aliyemwosha. Alipotoka, waombolezaji walimtazama bila kumuuliza. "Maji," alisema. "Maji yamemchukua, tumshukuru Mungu."

Nilikuwa nimekaa mkekani, kanga kichwani, mdomo umevimba. "Mjomba, umekiosha kichwa chake. Umeona," nikasema.

Shangazi akanifinya paja. Baadaye Mjomba aliniita uani.

"Mwanangu, ukisema watu walimpiga, mtu atauliza walimpigia nini. Utajibu nini?"

"Walidhani mwizi."

"Watu watasikia neno moja tu hapo, na si hilo la walidhani."

Alijua anachosema. Mdogo wangu aliwahi kuiba. Ujanani aliiba redio ya gari, akakamatwa, akapigwa, akakaa ndani. Alipotoka ndipo akaanza kubeba mizigo, na sikusikia tena habari hiyo. Lakini mtaa una kumbukumbu, na yupo aliyenong'ona pale pale msibani kwamba basi, ni yule yule wa redio. Naliandika na hili kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimefanya kama Mjomba.

Tulihamishiwa madarasani kwenye shule moja. Magodoro yalipoletwa watu walipigana. Mama mmoja alimng'ata mwenzake mkono mpaka nyama ikaonekana, godoro likachanika, kila mmoja akaenda na kipande chake. Baadaye zikaja alama nyekundu za X kwenye kuta zilizobaki, na baada ya alama likaja katapila. Mzee mmoja alilala mbele yake, mgambo wakamburuta kwa miguu, kichwa kikigonga mawe, na nyumba yake ikaangushwa huku anatazama. Mwanawe alirusha jiwe. Walimpiga virungu mpaka akakojoa. Sitayasimulia zaidi, wapo wanaoyajua kuliko mimi.

Kwenye kuandikisha waliofariki, karani alikuwa mpole. "Hapa tunaandika waliochukuliwa na maji, mama. Wa kwako ni kesi ya polisi." Nikaenda kituoni, nikaeleza nilichoona na niliowaona. Askari akaandika, kisha akaweka kalamu chini. "Mama, siku ile ilikuwa ya mafuriko," akaniambia, kana kwamba hilo ni jibu. Basi mdogo wangu akabaki katikati, hana ofisi.

Muda ulipita. Nilipata cherehani nyingine, nikarudi kwenye kibaraza changu. Kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaanza, alikuja binti mmoja na suruali ya kupunguza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nikate kiasi gani?"

"Ifike kwenye kifundo."

Akakaa kwenye benchi kusubiri, akatoa makaratasi, akawa anayasoma midomo ikicheza. Nikamuuliza kama ni mtihani. Akasema afadhali ungekuwa mtihani. Yuko chuo, anafanya utafiti wa namna serikali ilivyoshughulikia mafuriko, na ametumwa atunge maswali kwanza, ayajaribu kwa watu kabla ya kuanza kazi yenyewe.

"Naweza kukusomea moja?"

"Soma."

"Je, umeridhika kwa kiasi gani na mwitikio wa serikali wakati wa mafuriko?"

Jirani yangu anauza supu, mdomo wake na sufuria lake havifunikwi. "Mwitikio?" akadakia. "Kwani nani aliimba?"

"Namaanisha, serikali ilivyofanya."

"Mimi nilikuwa juu ya bati, mwanangu. Kama iliitikia, mvua ilinizuia kusikia."

Binti alicheka, akalikata swali pale pale mbele yetu. Nilimpenda kwa hilo. Kesho yake akarudi bila suruali.

Nikawa mwenyeji wake. Nilimtembeza Jangwani na Mchikichini, nikamwonyesha maji yalipofika ukutani, na tukirudi anakaa kwenye benchi ananijaribia maswali. Kuna kitu alinifundisha ambacho sikukijua. Nilimwambia, wewe uliza tu kwa nini serikali ilichelewa.

"Mama, umeshaniambia ilichelewa," akasema. "Mimi nitajibu nini tena? Swali likija na jibu lake, mtu anachofanya ni kutikisa kichwa."

Hilo nilikaa nalo siku nzima mguu ukiwa kwenye cherehani. Nilikuwa namfikiria muuza viatu. Huyu hana mwenyewe, mwizi huyu. Siku ile watu wote wale, wenye akili zao, wenye watoto wao, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Ingetosha kusema mzigo wa nani. Hata kama mdogo wangu asingeweza kujibu, kuuliza kunachukua muda, na mwenye mzigo alikuwa pale pale juu barabarani.

Nikamweleza binti habari yote, pamoja na redio ya gari. Nikamuuliza, kwenye maswali yako huyu utamweka wapi. Alipekua makaratasi. Kulikuwa na sehemu ya vifo vilivyosababishwa na maji, na vya kuangukiwa na nyumba, na vya maradhi yaliyofuata.

"Hana mahali," akasema.

Hakunidanganya. Akajaribu kuandika: je, kulikuwa na vurugu zilizosababishwa na serikali kuchelewa?

"Hilo limekuja na jibu lake," nikamwambia.

Akacheka kidogo. "Kweli. Umeshahitimu."

"Na tena sijui kama polisi wangemwokoa. Hata siku za jua watu wanapigwa hapa, na kituo hakiko mbali."

Akaacha kuandika. "Mama, ukisema hivyo unajiharibia mwenyewe."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi swali lisiseme wangemwokoa wala wasingemwokoa. Liulize tu kilichokuwepo."

Tuliligeuza na kuligeuza mpaka supu ya jirani ikaisha. Mwisho likawa hivi: Tangu maji yalipoingia mpaka serikali ilipofika, nani alikuwa anaamua mambo hapa? Maneno hayo ni yake kuliko yangu. La kwangu ni neno moja tu, lile la mwisho: hapa.

Alilipeleka kwa msimamizi wake chuoni, akarudi amenuna. Msimamizi alisema hilo ni jinai, si maafa. Eti watakwenda kuuliza habari za serikali warudi na umbea wa mtaani. Lakini alikubali lijaribiwe siku moja. Kama watu hawatakuwa na la kujibu, litoke.

Sitaficha kwamba niliomba. Sikutaka fidia, na kesi nilikuwa nimeshaikatia tamaa. Nilitaka kuwe na karatasi moja ya mafuriko yale ambayo mtu akiisoma, mdogo wangu asiwe amekatazwa kuingia.

Tulianza asubuhi. Wa kwanza alijibu, "Mungu." Wa pili alisema, "Maji yenyewe ndiyo yalikuwa yanaamua, dada." Mwingine aliangalia kulia na kushoto akasema yeye siku ile alikuwa amesafiri, na mimi nilimwona siku ile kwa macho yangu. Binti akawa anapoa. Alikuwa na utaratibu wake wa kuruka meza kadhaa ili asichague mtu kwa kumpenda, na baada ya adhuhuri utaratibu ukatua kwenye meza ya viatu.

Nikamshika mkono. "Huyu ndiye."

Alielewa. "Tumruke?"

"Utaratibu unasemaje?"

"Unasema yeye."

"Basi yeye."

Muuza viatu alikuwa anakata kamba za magunia kwa kisu. Aliponiona, uso ulibadilika. "Umemleta karani anifunge?" akaniuliza, akapiga meza kwa ngumi, viatu vikamwagika chini, na watu wa meza za jirani wakageuka. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake na hakukielekeza kwa mtu, lakini binti alirudi nyuma. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimeshauona mkono ule siku ya mafuriko, umeshika kitu kizito zaidi.

Binti akamsomea masharti yake: jina haliandikwi, anaweza kukataa, na hata akishajibu anaweza kulifuta jibu lake. Alisikiliza. Akaokota viatu kimoja kimoja, akavipanga, akasema, "Uliza."

Binti akauliza ya mwanzo, kuhusu magodoro na boti na matangazo. Alijibu kwa kifupi. Kisha likafika hilo. Nani alikuwa anaamua mambo hapa?

Alikata kamba moja, akakata nyingine.

"Mwenye sauti," akasema.

"Fafanua kidogo, kaka."

"Hakuna cha kufafanua, sista. Simu hazipokelewi. Polisi hayupo. Mwenyekiti mwenyewe yuko juu ya paa kwake, anapunga shati. Watu wamejaa, wamechanganyikiwa, hawajui wafanye nini. Mtu mmoja akisema kitu, kimekuwa. Akisema hameni, wanahama. Akisema kamata, wanakamata. Siku ile ningewaambia wacheze ngoma, wangecheza."

Kisha akasema na mimi, hakusema tena na binti.

"Nilitazama nyuma yake. Nilitazama mara mbili, dada. Hakukuwa na mtu."

"Alikuwa mbele," nikamwambia.

"Nani huyo anayetembea mbele ya mzigo wake?"

"Mtaro ulikuwa wazi chini ya maji. Alikuwa anamtafutia njia."

Niliona kwamba hakujua. Wakati wote huo alikuwa akijiambia kwamba mwenye mzigo alizembea, au kwamba yule mama alidanganya kumtetea kuli wake. Kisu alikiweka mezani.

"Hilo sikuambiwa," akasema.

"Hukuuliza."

Jirani zake walikuwa wamerudi kwenye biashara zao. Alikaa kwenye gunia lake, mkubwa vile, mikono katikati ya magoti. Halafu akamwambia binti, "Sista, futa."

"Kaka?"

"Umesema naweza kufuta. Futa yote."

Binti akanitazama. Alilokuwa akilitafuta tangu asubuhi lilikuwa kwenye karatasi ile, na bila jibu lile swali lingetoka, na swali likitoka mdogo wangu anarudi katikati, hana ofisi. Nami nilijua hilo. Nilitamani kumnyang'anya karatasi nikimbie nayo. Nikatamani pia kile kisu, niseme ukweli.

"Futa," nikamwambia. "Umemwahidi."

Aliichana, akampa vipande. Tulipofika kwenye kona akalia, akajifuta na kiganja. "Sasa nitamwambia nini msimamizi?"

"Mwambie kuna mtu alijibu, kisha akaomba jibu lake lifutwe. Usimseme ni nani. Hiyo ndiyo habari yenyewe."

Akamwambia hivyo hivyo. Anasema msimamizi aliuliza jibu lilikuwaje, naye akasema halipo. Mzee yule akavua miwani, akasema libaki. Limewekwa kwenye sehemu ya serikali, baada ya swali la lini msaada ulifika. Baadaye nilisikia wameliuliza watu wengi, bondeni kote. Sijui walijibu nini, na sikuuliza, kwa sababu nao waliahidiwa.

Nilipotaka kuandika haya nilikwenda kwenye meza ya viatu. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kumuuliza kitu. Alisikiliza, anapiga rangi kiatu.

"Kwenye karatasi za wakubwa sitaki," akasema. "Ya kwako andika. Jina langu usiweke. La kwake pia usiweke, aachwe apumzike."

Ndiyo maana humu hakuna jina la mtu.

Sijamsamehe. Kuna siku nazunguka soko zima nisipite mezani kwake. Lakini msimu huu, mvua ilipoanza kushuka na watu wakawa wanafunika meza kwa maturubai, nilikuwa nimesimama karibu na pale na suruali ya mteja mkononi. Akatokea mbebaji, belo kichwani, anahema, nyuma hakuna mtu. Macho yakainuka kama ninavyoyajua. Muuza mikanda wa meza ya pili akainama, akatoa bomba chini ya meza yake.

"Mzigo wa nani huo?" Sauti ile ilifika mpaka ng'ambo.

Mbebaji akasimama, shingo haigeuki. "Wa mzee mmoja. Ananunua maji pale."

"Mzee gani?"

Hakuna aliyesogea. Mvua ilikuwa inagonga turubai. Bomba lilikuwa juu, usawa wa bega. Mzee akatokea na chupa yake, hana haraka, anafungua kizibo.

"Wangu huo. Kuna nini?"

"Hamna kitu, mzee. Tembea na mzigo wako."

Wakapita, mmoja mbele, mwingine nyuma. Muuza viatu akageuka akanitazama. Sijui kama angeuliza nisingekuwepo. Yule wa mikanda alilifuta bomba lake maji kwa kitambaa, akalirudisha chini ya meza, pale linapokaa.